Kompyuta ya Nyumbani Haiingii Mtandaoni kwa Waifai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Unguja na Pemba

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliye nyumbani kwake, mbele ya kompyuta inayotumia Windows, ambaye jana alifungua barua pepe zake bila ya taabu na leo hapati kitu. Nimekuwa nikitengeneza kompyuta mjini Unguja kwa miaka mingi. Nimewaona watu wakilipa fedha kwa tatizo ambalo lingemalizika kwa dakika kumi, na nimewaona wengine wakiharibu kilichokuwa kizima kwa sababu walianza kubonyeza kabla ya kujua hitilafu iko wapi. Majina ya sehemu za Windows nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili msomaji ayatambue atakapoyakuta.

Nianzie wapi?

Anza kwa kujua ni kipande gani cha njia kilichokatika. Intaneti hupita vipande vitatu kabla ya kufika katika kompyuta yako. Kipande cha kwanza ni kutoka kompyuta hadi rauta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, nacho ndicho kinachoitwa waifai. Cha pili ni kutoka rauta hadi kampuni inayokuuzia huduma, kwa waya wa faiba au kwa laini ya simu iliyowekwa ndani ya rauta. Cha tatu ni kutoka kampuni hiyo hadi ulimwenguni. Dawa ya kipande kimoja haiponyi kingine, na mtu anayeshinda mchana kutwa akirekebisha kompyuta ilhali faiba imekatika barabarani anajichosha bure.

Kipimo cha kwanza ni simu yako ya mkononi. Zima data ya laini katika simu hiyo, iunganishe na waifai ile ile, kisha kaa nayo pale pale ilipo kompyuta na ufungue ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Nasisitiza kuzima data, kwa sababu watu wengi husahau, na simu ikikosa intaneti kwenye waifai hurudi kimya kimya kwenye bando la laini. Mtu akadhani waifai ni nzima kumbe sivyo. Ikiwa simu inapata, hitilafu imo ndani ya kompyuta. Ikiwa simu haipati popote ndani ya nyumba, hitilafu iko kwenye rauta au kwa kampuni. Na ikiwa simu inapata karibu na rauta lakini haipati hapo ilipo kompyuta, basi tatizo ni umbali au ukuta, nalo lina jibu lake pana hapo chini.

Simu inapata lakini kompyuta haipati. Nifanye nini kwanza?

Iwashe upya kompyuta kwa kuchagua Restart, na si Shut down. Hili linawashangaza wengi, kwa kuwa wao huona kuzima kabisa ndiko kunakosafisha zaidi. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zinapozimwa kwa Shut down huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili ziwake haraka zaidi mara nyingine, na kadi ya waifai iliyokwama hurudi ikiwa imekwama vile vile. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Ikiwa bado, nenda kwenye orodha ya waifai, bonyeza jina la mtandao wako kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Forget, kisha ujiunge upya kwa kuandika neno la siri. Hatua hii hufaa hasa pale neno la siri au aina ya ulinzi ilipobadilishwa kwenye rauta, huku kompyuta ikiendelea kushikilia kumbukumbu ya zamani.

Alama ya waifai haionekani kabisa kwenye kompyuta. Imekufa?

Mara nyingi haijafa, imezimwa tu. Tazama kwanza safu ya juu ya kibodi, utafute kitufe chenye picha ya ndege au ya mnara unaotoa mawimbi, ukibonyeze pamoja na kitufe cha Fn. Baadhi ya kompyuta za mkononi za zamani zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni au mbele, chini ya mahali pa kulaza viganja, na mtoto akiigusa anapobeba kompyuta hakuna atakayejua.

Ikiwa si hivyo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, ufungue Device Manager, utazame chini ya Network adapters. Kadi ya waifai ikiwemo lakini ina mshale mdogo wa kuelekea chini, imezimwa. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia uchague Enable. Ikiwa ina alama ya njano ya mshangao, au haimo kabisa na badala yake kuna kifaa kisichotambuliwa, basi draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo, imeharibika au haipo, jambo linalotokea sana baada ya kompyuta kuwekewa Windows upya.

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa sababu draiva inapatikana mtandaoni na mtandao ndio usiopatikana. Njia ni hii: chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wa chaji wa USB, kisha ndani ya simu, katika sehemu ya kugawa intaneti, uwashe ugawaji kwa USB. Kompyuta itaiona simu kama vile imechomekewa waya wa mtandao, na utaweza kushusha draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo. Angalia tu bando lako kabla ya kuanza, maana Windows nayo inaweza kuikimbilia fursa hiyo kushusha masasisho yake.

Ikiwa kadi yenyewe imekufa kweli, kifaa kidogo cha waifai cha kuchomeka kwenye USB kinatosha, na hakuna haja ya kununua kompyuta nyingine.

Naona mitandao ya majirani, ila wangu hauonekani. Kwa nini?

Kwanza, elewa kwamba rauta nyingi za siku hizi hurusha masafa mawili, yaani gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Rauta ikionesha majina mawili, moja likiwa na 5G mwishoni, hiyo 5G inamaanisha gigahezi 5, wala haihusiani na mitandao ya simu ya kizazi cha tano. Kompyuta ya zamani inayotambua 2.4 pekee haitaliona jina hilo hata ukiiweka juu ya rauta. Jiunge na lile jingine.

Sababu ya pili haijulikani sana, nayo inatuhusu sisi kwa namna ya pekee, kwa kuwa kompyuta nyingi tunazonunua ni zilizokwisha kutumika nchi za nje. Katika masafa ya 2.4, chaneli, yaani vijia ambavyo masafa hayo yamegawanywa, huanzia ya 1, lakini huko Marekani vifaa kwa kawaida hutumia hadi ya 11 tu, wakati nchi nyingi nyingine huruhusu hadi ya 13. Kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza isiione rauta inayorusha katika chaneli ya 12 au ya 13, ilhali simu zote za nyumbani zinaiona vizuri. Ingia kwenye mipangilio ya rauta kwa simu, ondoa chaguo la kujichagulia chaneli, uiweke kwenye 1, 6 au 11. Nimelikuta tatizo hili zaidi ya mara moja, na kila mara mwenye kompyuta alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba kadi yake ni mbovu.

Ya tatu ni ulinzi. Rauta iliyowekwa kwenye WPA3 peke yake, ulinzi uliotangazwa mwaka 2018, hukataliwa na kompyuta nyingi za kabla ya hapo. Weka chaguo linalochanganya WPA2 na WPA3.

Neno la siri ni sahihi lakini linakataliwa. Simu inalikubali.

Usiliandike tena kwa pupa. Fungua Notepad, ile programu ya Windows ya kuandikia maneno matupu, uliandike humo, ulione kwa macho yako.

Mama mmoja wa Jang'ombe aliniletea kompyuta ya mwanawe wa kidato cha nne, iliyonunuliwa Darajani ikiwa imetumika. Vitufe vyake vilikuwa na vibandiko vya kijivu vya herufi za Kiarabu, na kibandiko cha herufi M kilikuwa kimeanza kuchanuka pembeni. Neno la siri la nyumbani kwao lilikuwa na alama ya @ katikati. Kijana alikuwa akibonyeza Shift na 2, kama alivyozoea kompyuta za skuli, na kwenye kisanduku cha neno la siri zilionekana nukta nyeusi tu. Nilipomwambia aandike ndani ya Notepad, badala ya @ ilitoka alama ya kufungulia na kufungia usemi. Kompyuta ile ilikuwa imewekwa mpangilio wa kibodi wa Uingereza, ambao umezibadilishana nafasi alama hizo mbili. Walikuwa wamehangaika siku nne.

Kompyuta iliyotoka Ufaransa hubadilisha A na Q, iliyotoka Ujerumani hubadilisha Y na Z, na iliyotoka nchi za Kiarabu inaweza kuwa imelala kwenye Kiarabu kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi ili kubadilisha lugha ya kibodi, na tazama kona ya chini kulia ambako kifupisho cha lugha huandikwa. Angalia pia Caps Lock, na kwenye kompyuta kubwa ya mezani angalia Num Lock ikiwa neno lako lina tarakimu na unaziandika upande wa kulia.

Kuna pia alama ya jicho pembeni mwa kisanduku chenyewe. Ukiishikilia, utakiona ulichokiandika.

Kompyuta inasema imeunganishwa, lakini hakuna intaneti. Hilo lina maana gani?

Maana yake ni kwamba kompyuta inaisikia rauta, lakini kitu baada ya hapo hakiendi. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni refu kwa sababu linahitaji kupima hatua kwa hatua.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka andika ipconfig, kisha utafute mstari wa IPv4 Address chini ya kadi ya waifai. Ikiwa anwani inaanza na 192.168, rauta imekupa anwani na mambo hadi hapo ni mazuri. Rauta chache hutoa anwani zinazoanza na 10, nazo hazina ubaya. Ikiwa inaanza na 169.254, basi kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe anwani isiyoweza kuipeleka popote. Hapo andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew, na usubiri. Isipofaa, zima rauta kwa dakika moja uiwashe tena, kwa kuwa huenda yenyewe ndiyo iliyoacha kugawa anwani.

Ukiwa na anwani nzuri, tazama mstari wa Default Gateway, ambao ndio anwani ya rauta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika ping, acha nafasi, kisha anwani hiyo. Ukijibiwa, kipande cha kwanza cha njia ni kizima. Kisha andika ping 8.8.8.8. Ukijibiwa na huko, njia yote hadi nje ya nchi iko wazi, na kilichobaki ni majina: kompyuta inaifikia dunia lakini haijui tovuti unayoitaka ina anwani gani. Andika ipconfig /flushdns ili kufuta kumbukumbu ya majina iliyochakaa, na ikiwa bado, ingia kwenye mipangilio ya waifai yako, sehemu ya DNS, ambayo ndiyo huduma ya kutafuta anwani za majina hayo, uweke 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwa mkono. Usipojibiwa na 8.8.8.8 ilhali rauta ilijibu, na simu nayo haipati, acha kuihangaisha kompyuta. Tatizo liko kwenye rauta au kwa kampuni.

Yapo mambo mawili ambayo vipimo hivi havitayaonesha vizuri. La kwanza ni proksi. Kompyuta iliyowahi kutumika ofisini au chuoni huweza kuwa imeelekezwa ipite kwenye mashine ya huko kabla ya kwenda mtandaoni; ikiwa nyumbani, huitafuta mashine hiyo na kuikosa, na kila ukurasa hugoma ingawa ping inajibu. Nenda Settings, Network, Proxy, uzime kilichowashwa kwa mkono. La pili ni programu za kuzuia virusi zilizokwisha muda wake, pamoja na VPN, yaani programu inayoipitisha intaneti yako kwenye mashine ya mbali, iliyosahauliwa ikiwa imewashwa. Zizime kwa muda, jaribu, kisha uiwashe tena ile ya kinga.

Kila tovuti inaniambia si salama. Je, nimeingiliwa na wadukuzi?

Tazama kwanza tarehe ya kompyuta. Tovuti hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba sasa ni mwaka 2015 itaona vyeti vyote havijaanza kutumika, ikavikataa. Tarehe hurudi nyuma pale betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu inapokwisha nguvu. Katika kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3, ambayo huuzwa bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Unaporekebisha saa, kumbuka kwamba kompyuta haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Saa mbili asubuhi kwake ni 08:00, na saa mbili usiku ni 20:00. Nimewahi kukuta kompyuta imewekwa 02:00 kwa nia njema kabisa. Katika orodha ya kanda za saa, Windows haina jina la Zanzibar wala Dar es Salaam. Chagua Nairobi, UTC+03:00, ambayo ndiyo yetu.

Umeme ulikatika, na uliporudi waifai haikurudi.

Subiri kwanza. Rauta huchukua dakika kadhaa kuwaka na kujitambulisha kwa kampuni, na mtu anayeizima na kuiwasha kila nusu dakika anairudisha mwanzo kila mara. Ichomoe ukutani, hesabu dakika moja, ichomeke, kisha usiiguse kwa dakika tano.

Angalia pia adapta yake. Nyuma ya rauta, karibu na tundu la umeme, pameandikwa inahitaji volti ngapi na ampea ngapi, mara nyingi volti 12 na ampea 1 au zaidi. Plagi ya adapta ya kingʼamuzi huingia vizuri katika tundu hilo, na ndiyo maana huazimwa, lakini ikiwa ni ya volti 9 au ya ampea pungufu rauta itawasha taa zake zote na kujizima kila waifai inapopata kazi nyingi. Dalili ni kwamba waifai hupatikana asubuhi na hukatika jioni, familia nzima inapokuwa nyumbani.

Wakati wa masika, radi inaponguruma, chomoa rauta kwenye umeme na pia waya wowote wa shaba unaotoka nje ya nyumba kuingia ndani yake. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme. Nimefungua rauta ambazo tundu la waya wa mtandao lilikuwa na weusi wa moshi ilhali adapta ilikuwa nzima, kwa sababu pigo liliingia kwa njia ya waya na si kwa njia ya soketi.

Umeme wa Unguja huja kutoka bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari hadi Fumba, na wa Pemba huja kutoka Tanga. Wanaokumbuka kiza kilichoanza Disemba 2009 na kudumu miezi mitatu hawahitaji kuelezwa kwa nini UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika, ni fedha iliyotumika vyema. Faiba kwa kawaida huendelea kufanya kazi hata umeme wako wa Tukuza ukiisha, maadamu rauta ina pa kupata nguvu.

Rauta ina taa nyekundu. Ni mbaya?

Kwa faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka au ikimweka nyekundu, mwanga kutoka kwa kampuni haufiki. Tazama waya mwembamba wa faiba, mara nyingi mweupe au wa njano, uone kama umekunjwa kwa kona kali, umebanwa na mlango au umekalishiwa kabati. Unyooshe taratibu. Usiuchomoe na kuupangusa kwa kanga, kwa kuwa ncha yake ikipata vumbi au mafuta ya vidole hali huwa mbaya zaidi, na usiitazame ncha hiyo kwa jicho. Taa isipobadilika, piga simu kwa kampuni.

Kwa rauta ya laini, tazama taa za mnara. Zikiwa moja au hazipo, isogeze rauta dirishani.

Nyumba yetu ni ya mawe, Mji Mkongwe. Rauta iko chini na kompyuta iko juu, na waifai haifiki.

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu huweza kukaa ndani ya kina cha dirisha na mto wake. Ukuta kama huo hunyonya mawimbi, hasa ukiwa na unyevu, na katika kisiwa hiki ni nadra kuwa mkavu kabisa. Masafa ya gigahezi 5, ambayo ni ya haraka, hunyonywa zaidi. Yale ya 2.4 ni ya polepole lakini hupenya vizuri zaidi. Kwa hiyo, kompyuta iliyo nyuma ya kuta mbili iunganishe na 2.4 na usijali kwamba jina la lile jingine linapendeza.

Jambo kubwa zaidi ni mahali pa rauta. Nilikwenda nyumba moja ya ghorofa tatu huko Mkunazini, ambako rauta ilikuwa imefichwa ndani ya kabati la vyombo, chini ukumbini, nyuma ya mlango wenye kioo kikubwa, ili isiharibu pambo la chumba. Kompyuta ilikuwa ghorofa ya pili. Niliandika netsh wlan show interfaces katika lile dirisha jeusi, na mstari wa Signal ukasoma asilimia 18. Hatukununua kitu. Tuliitoa rauta kabatini, tukaitundika kwenye msumari uliokuwepo, penye ngazi, mahali panapotazamana na uwanja wa ndani ulio wazi hadi juu. Mstari ule ule ukasoma asilimia 61. Mawimbi yalikuwa hayana tena haja ya kuvunja mawe. Yalipanda kwa uwanja na kuingia kwa madirisha ya ndani, njia ile ile ambayo upepo huipita tangu nyumba ilipojengwa.

Kwa hiyo itafute njia ya upepo, uiweke rauta hapo, juu kidogo ya kimo cha mtu, mbali na kioo, friji, tangi la maji na bati. Kioo cha kabati kina rangi ya madini nyuma yake na hurudisha mawimbi kama kinavyorudisha sura. Oveni ya mikrowevu nayo hufanya kazi katika masafa yale yale ya 2.4, na huvuruga waifai ya chumba kizima kwa muda inapowashwa.

Ikiwa mahali pazuri hapapatikani, pitisha waya wa mtandao hadi juu na uweke huko kituo cha pili cha waifai. Hili ni bora kuliko vile vifaa vya kurudia mawimbi, ambavyo hupokea mawimbi dhaifu na kukirusha kwa nguvu kitu kile kile dhaifu. Waya upite ngazini. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kutoboa ukuta wa nje si jambo la kuamua na fundi peke yenu.

Naishi Michenzani. Mawimbi ni makali lakini intaneti inajikokota.

Huko tatizo ni wingi wa majirani. Katika jumba moja refu la fleti kunaweza kuwa na rauta nyingi zote zikisemea kwenye chaneli moja ya 2.4, kila moja ikisubiri nyingine inyamaze. Kompyuta ikiwa inatambua gigahezi 5, itumie. Ukuta, ambao hapo juu ulikuwa adui, sasa unakukinga na mawimbi ya jirani. Isipotambua, jaribu chaneli 1, 6 na 11 moja baada ya nyingine, usiku, wakati watu wengi wako nyumbani, kwa kuwa kipimo cha asubuhi hakitakuambia kitu.

Bando linaisha upesi tangu nilipounganisha kompyuta.

Windows ikiwa kwenye waifai huamini kwamba intaneti haina kipimo, nayo hushusha masasisho makubwa bila ya kuuliza. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao wako wa waifai uwashe Metered connection, kisha utafute Delivery Optimization uzime ruhusa ya kuzipelekea kompyuta nyingine masasisho hayo. Na bando likiisha, rauta ya laini huendelea kurusha waifai kama kawaida, kompyuta ikasema imeunganishwa bila ya intaneti. Kabla ya vipimo vyote vya hapo juu, angalia salio.

Angalia pia nani mwingine ametumia. Kwenye ukurasa wa rauta kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Neno la siri alilopewa mgeni mmoja wa Idi huweza kufika baraza nzima kabla ya alasiri, na si kwa ubaya, ila vijana kumi wakitazama mpira barazani, kompyuta iliyo ndani haitapata kitu. Libadilishe neno hilo, na uwashe mtandao wa wageni ikiwa rauta inao.

Nibonyeze kile kitundu cha kurudisha rauta mwanzo?

Hapana, isipokuwa mtu wa kampuni yako yuko nawe kwenye simu na amekuambia ufanye hivyo. Kitundu kile hakiiwashi upya rauta tu. Hufuta kila kitu, pamoja na mipangilio ambayo kampuni iliiweka siku ya kufunga faiba na ambayo wewe huna. Kuchomoa na kuchomeka umeme hakufuti kitu. Nimeona nyumba ikikaa wiki nzima bila ya intaneti kwa sababu ya pini moja ya ushungi iliyoingizwa humo.

Nitajuaje kwamba tatizo si langu, ni la nchi nzima?

Uliza jirani anayetumia kampuni nyingine. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani yetu, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na Tanzania nzima pamoja na majirani wake wakapata intaneti ya kudonadona. Siku ile watu waliniletea kompyuta nzima kabisa. Kila tovuti ya nje ilikuwa nzito kwa kila mtu na kwa kila kampuni, na hiyo ndiyo dalili ya kuitafuta. Hakuna cha kurekebisha nyumbani katika hali hiyo.

Niko Pemba na fundi yuko mbali. Nimwambie nini kwa simu?

Fundi aliye Chake Chake anaweza kumsaidia mtu wa Micheweni kwa simu, ikiwa atapewa khabari zinazotosha. Mwambie simu inapata au haipati, ikiwa data yake imezimwa. Mwambie taa za rauta zina rangi gani na majina gani, ukizisoma kutoka kushoto. Mwambie anwani uliyoiona kwenye ipconfig, na kama rauta ilijibu ping. Mwambie kilichobadilika siku ilipoanza: umeme, mvua, rauta kuhamishwa, Windows kujisasisha, mtoto kuichezea. Ukiweza, piga picha skrini na taa za rauta, uzitume. Neno lako la siri usimtumie. Hana haja nalo. Na ikiwa hatimaye atalazimika kuja, mwombe abebe waya wa mtandao na kifaa cha waifai cha USB, kwa kuwa kwa vitu hivyo viwili ataweza kuonesha mbele ya macho yako, kabla hujalipa, kama kilichokufa ni kadi ya kompyuta au ni rauta.